Haiku, ReactOS au Hurd: upi usubiriwe?

Agosti 2001 kikundi cha wapenzi wa BeOS kiliazimia kuufufua mfumo huo wa kuendeshea kompyuta uliokuwa unakata roho, kwa msimbo mpya ulioandikwa tangu sifuri. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Oktoba 2001, Windows XP ikaingia sokoni. XP ikaenea kila kona, ikazeeka, ikarithiwa na Vista, kisha Windows 7, na tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft ikaacha kabisa kuihudumia. Umri wote wa XP, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, ulipita huku mradi ule, ambao tangu 2004 unaitwa Haiku, ukiwa haujatoa toleo lake la kwanza kamili. Ninapoandika haya bado uko kwenye beta, hatua ya majaribio inayofuata alfa, ile iliyo mbichi zaidi.

Na Haiku si mkongwe wa foleni hii. ReactOS, unaotaka kuendesha programu za Windows bila Windows, mizizi yake ni ya 1996. Hurd, kiini (sehemu ya ndani kabisa inayosimamia vifaa na programu) ambacho GNU, mradi wa programu huru, ulikusudia kukifanya roho ya mfumo wake, kilianza kuandikwa 1990, kabla Linus Torvalds hajatangaza kiini chake, Linux.

Ningeyaacha haya yawe hadithi ya wazee wa kompyuta kama si jambo moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifika mwisho, na kompyuta nyingi zisizo na ubovu wowote zimekataliwa na Windows 11 kwa sababu ya prosesa au kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mwenye kompyuta ya aina hiyo akianza kutafuta pa kuhamia, hukutana na majina haya matatu, na kila jina lina mashabiki wanaoapa kwamba toleo lijalo ndilo lenyewe. Mimi nimekuwa shabiki wa namna hiyo. Nimepigwa kalenda miaka mingi, nikasamehe, nikapigwa tena. Kwa hiyo ulinganisho huu unatoka kwa mtu mwenye kinyongo kidogo, na msomaji ajue hivyo mapema.

Kuchelewa si kwa namna moja

Anayekumbuka Longhorn ataelewa. Ilipangwa iwe toleo dogo la kuifuata XP, litoke mwaka 2003. Oktoba ya mwaka huo, badala ya kutoka, ikaonyeshwa kwa wasanidi programu huko Los Angeles ikiwa imepakiwa mambo mazito: mfumo mpya wa kuchora madirisha, njia mpya ya programu kuwasiliana, na WinFS, hifadhi ya mafaili iliyokusudiwa kufanya kazi kama kanzidata. Agosti 2004 Microsoft ikasema WinFS haitakuwamo tena, na kazi ikaanzwa upya juu ya msimbo wa Windows Server 2003. Watu walikasirika sana: miaka mitatu ya kungoja, halafu kile walichokingojea kinaondolewa! Mimi naona hasira ile ilimwangukia asiyehusika. Kutosa shehena ndiko kulikookoa chombo. Vista, maana ndilo jina Longhorn iliyopewa, iliwafikia watu wa kawaida tarehe 30 Januari 2007, na kama WinFS ingebaki sijui tungengoja hadi lini.

Apple nao walikuwa na Copland. Ilitangazwa 1994, ikaendelea kupakia bila kutosa, na Agosti 1996 ikafutwa. Kampuni ikalazimika kununua mfumo wa watu wengine. Ilizungumza na Be, wenye BeOS, bei haikuafikiwa, ikaishia kwa NeXT. Haiku ipo kwa sababu ya mazungumzo yale yaliyovunjika. Yangefaulu, huenda leo BeOS ndiyo ingekuwa ndani ya kila Mac.

Kuna na ucheleweshaji wa tatu, usioumiza. Debian 3.1, mfumo wa familia ya Linux, iliyopewa jina la Sarge, ilitoka Juni 2005, karibu miaka mitatu baada ya toleo lililotangulia, Woody, la Julai 2002. Manung'uniko yalikuwa mengi, na wapo waliochoka wakahamia Ubuntu, iliyotoa toleo lake la kwanza Oktoba 2004. Lakini aliyebaki na Woody alikuwa na mashine inayofanya kazi, inayopokea marekebisho ya usalama. Alingoja akiwa ameketi.

Basi ninapoulizwa kama mfumo fulani unafaa kusubiriwa, miaka iliyopita siihesabu. Naangalia leo una nini cha kumpa mtu mkononi, shabaha yake imetulia au inakimbia, na mzigo unabebwa na watu wangapi.

Kwa ufupi

| | Haiku | ReactOS | Hurd |
|---|---|---|---|
| Ilianza | 2001 | 1996 | 1990 |
| Inafuata nini | BeOS R5 | Windows Server 2003 | Unix, kwa namna ya GNU |
| Toleo ninalolizungumzia | Beta 5, Septemba 2024 | 0.4.15, Machi 2025 | Debian GNU/Hurd 2025 |
| Inajiitaje yenyewe | beta | alfa | tawi lisilo rasmi la Debian |
| Kazi ya kila siku | kwa baadhi ya watu | hapana | hapana |

Jedwali hili linamwonea kidogo Hurd na linampendelea kidogo ReactOS, kwa sababu halionyeshi shabaha inavyosogea. Haiku ilichagua kufuata mfumo uliokwisha kufa, na maiti haikimbii. Mali za Be ziliuzwa kwa Palm mwaka 2001, BeOS haikuongezewa kitu rasmi tena, kwa hiyo wasanidi wa Haiku walijua tangu siku ya kwanza wanachotakiwa kukifikia. ReactOS nayo kwa maandishi imelenga kitu kilichosimama, Windows Server 2003. Tatizo ni kwamba programu hazikusimama. Programu unayoihitaji leo pengine inadai Windows 10, na siku ReactOS itakapokuwa imeifikia 2003 barabara, wewe utakuwa umeshaondoka hapo zamani. Hurd ilipatwa na jambo jingine kabisa: kile ilichokuwa ikikiendea, mtu mwingine alikifikia kwanza.

Haiku: beta inayotumika

Nianze na huu kwa sababu ndio pekee kati ya mitatu ninaoweza kumpa mtu mwingine kwenye flashi bila kuona haya. Unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, eneo la kazi linatokea upesi hata kwenye mashine ya zamani, unazunguka humo, na kama hukupenda unaizima bila diski yako kuguswa. Kuna toleo la biti 32 na la biti 64. Lile la biti 32 bado linaweza kuendesha programu zilizotengenezwa kwa BeOS yenyewe, uaminifu ambao hauwafaidii wengi lakini ndio uliokuwa ahadi.

Kinachonifanya nimsamehe Haiku ni mafaili yake. Hifadhi yake, BFS, inaliruhusu kila faili kubeba sifa zake na kutafutwa kwa sifa hizo. Barua pepe moja ni faili moja, na mtumaji, mada na tarehe ni sifa za faili hilo; unaandika ombi la kutafuta, dirisha linakuonyesha barua zote za mtu fulani ambazo hujazisoma, na ikiingia nyingine inajiongeza yenyewe dirishani. Anwani za watu nazo ni mafaili ya namna hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile WinFS ilichoahidi kisha kikatoswa, BeOS ilikuwa nacho miaka ya tisini na Haiku inacho sasa. Angalizo moja: ukinakili mafaili hayo kwenye flashi iliyopangwa kwa FAT, mpangilio wa kawaida wa flashi, sifa zinabaki nyuma. Nimejifunza hilo baada ya kupoteza, si kabla.

Jingine ni pakeji. Programu haimwagwi vipandevipande ndani ya diski. Pakeji inaunganishwa nzima kama ilivyo, haiandikwi ndani yake. Sasisho likiharibu mambo, unaingia kwenye menyu ya kuwashia na kuchagua hali ya jana. Kwa mfumo unaojiita beta, hii ni bima kubwa kuliko unayoipata kwenye mifumo mingi inayojiita kamili.

Lakini pakeji hizi hizi ndizo sehemu ya sababu tulingoja. Alfa ya kwanza ilitoka Septemba 2009, ya nne Novemba 2012, halafu kimya hadi Beta 1 ya Septemba 2018. BeOS R5 haikuwa na mfumo wa pakeji wa aina hii. Mradi uliosema unafuata kilichosimama ukaamua katikati ya safari kuongeza kisichokuwamo, kikaingia 2013, na karibu miaka sita ikapita bila toleo. Naukubali uamuzi wenyewe. Ninachouliza ni kwa nini toleo kamili halikutolewa kwanza, hata likiwa na upungufu, pakeji zije baadaye.

Tangu hapo mwendo umenyooka: Beta 2 mwaka 2020, Beta 3 mwaka 2021, Beta 4 Desemba 2022, Beta 5 Septemba 2024. Mwaka 2021 shirika linaloushikilia mradi lilianza kumlipa msanidi mmoja kwa kazi ya muda wote. Mmoja tu. Wengine wanajitolea jioni na wikendi. Ukilijua hilo, hasira inapungua nusu.

Sasa mabaya yake, na yapime kabla ya kuhama. Kadi ya picha haitumiki kuongeza kasi, kwa hiyo video na mapambo yote ni kazi ya prosesa. Hakuna kuilaza kompyuta ikahifadhi chaji. Ukifunga kifuniko cha kompyuta mpakato usidhani imelala. Mtumiaji ni mmoja, mwenye mamlaka yote, jambo linaloifanya isifae kompyuta ya familia nzima au ya ofisi. Kivinjari chake cha asili, WebPositive, hukwama kwenye tovuti nzito, ingawa vipo vingine vilivyohamishwa kutoka upande wa Linux. Waifai inategemea chipu: draiva nyingi zimechukuliwa kutoka mifumo ya FreeBSD na OpenBSD, na chipu ikiwa haimo, haimo. LibreOffice ipo, na kwa anayeandika, kusoma barua na kusikiliza muziki, siku inapita bila kugutuka.

ReactOS: ahadi kubwa, kiganja kitupu

Ukiiona ReactOS kwenye picha, moyo unaruka. Kitufe cha Start, paneli ya mipangilio, rejista, vyote vimekaa pale ulipovizoea. Ndiyo maana inauma zaidi ya nyingine. Haiku haikukuambia itakufanyia kazi ya Windows. Hii ndiyo iliyokuambia.

Hesabu ya matoleo inaeleza mengi. Ilianza 1996 kwa jina la FreeWin95, ikilenga kuigiza Windows 95, ikakwama kwenye mijadala, ikabadili jina na shabaha mwaka 1998 ikaelekea familia ya Windows NT. Toleo la 0.3.0 lilitoka Agosti 2006. Toleo la 0.4.0 likatoka Februari 2016. Karibu muongo mzima kwa kuongeza moja nyuma ya nukta! Kutoka 0.4.14 ya Desemba 2021 hadi 0.4.15 ya Machi 2025 ilichukua zaidi ya miaka mitatu.

Wanaowaita wavivu hawajui kazi yenyewe ilivyo. Msimbo wa Windows ni siri, na msanidi wa ReactOS haruhusiwi hata kuuchungulia. Anatakiwa aitupie Windows swali, atazame inajibu nini, kisha aandike kitu chake kinachojibu vivyo hivyo, pamoja na makosa yake, kwa kuwa kuna programu zinazotegemea makosa hayo. Mwanzoni mwa 2006 zilipotokea tuhuma kwamba baadhi ya msimbo haukupatikana kwa njia safi, mradi ulisimamisha shughuli na kuanza kuukagua msimbo wake wote, kazi iliyokula miaka. Ni heshima kwao. Kwa aliyekuwa akingoja, ni miaka iliyopotea.

Mkononi kuna nini leo? Mfumo wa biti 32 unaofaa kuendeshwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, unaofungua programu nyepesi za zama za XP, na unaoweza kuanguka bila kuaga. Toleo la 0.4.15 limeboresha sana utambuzi wa vifaa, lakini wenyewe wanasema wazi kwamba hii ni alfa na haifai kazi za kila siku. Waaminini. Usiweke humo faili usilo na nakala yake.

Ukitaka kuulinganisha kwa haki, usiulinganishe na Haiku, maana wanaowataka ni watu tofauti. Mshindani wake ni Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi juu ya Linux, na ambayo ReactOS yenyewe inaazima sehemu kubwa ya msimbo wake. Wine ilianza 1993 na toleo la 1.0 likatoka Juni 2008, miaka kumi na mitano ya kungoja. Lakini muda wote huo watu waliitumia juu ya Linux iliyokuwa imesimama imara. Programu ikigoma, inagoma yenyewe, kompyuta inabaki hai. Siku hizi michezo mingi ya Windows huchezwa kwenye Linux kupitia Proton, iliyotokana na Wine. Kwa mtu anayetaka programu mbili tatu za Windows ziendelee kufungua kwenye mashine iliyokataliwa na Windows 11, Linux na Wine ni jibu la leo, na ReactOS haijafika hata mlangoni.

Hurd

Hapa sitakaa sana. Wazo ni zuri: badala ya kiini kimoja kikubwa kinachofanya kila kitu, kuna kiini kidogo, Mach, na juu yake seva nyingi ndogo zinazofanya kazi kama programu za kawaida. Mtumiaji asiye na mamlaka yoyote anaweza kuunganisha seva ya mbali ya mafaili (FTP) na kuiona kama folda yake. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta akitaka kuelewa mifumo inavyoweza kujengwa kwa njia nyingine, aichukue Debian GNU/Hurd, aiwashe kwenye mashine pepe, atajifunza mengi kwa wikendi moja. Sehemu kubwa ya programu za Debian zimekubali kujengwa juu yake, na toleo la 2025 limeleta biti 64.

Kuisubiri ni jambo jingine. Linux ilipotokea 1991 ikiwa mbichi lakini inawaka, watu waliokuwa wakiingoja Hurd walipata walichokitaka: kiini huru cha kuendeshea programu za GNU. Baada ya hapo aliyebaki kwenye Hurd alibaki kwa mapenzi ya usanifu, wala hakuna anayeidai kwa haraka. Ukiona haijafika, ujue hakuna aliyesimama kituoni.

Nani achukue upi

Mwenye kompyuta ya kazi, yenye barua za ofisi na hesabu za watu, asichukue hata mmoja kuwa mfumo wake pekee. Wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Debian au ndugu zake wowote wa Linux watakaa vizuri kwenye mashine hiyo, na hata wao, wakichelewa kama Sarge, watakuacha na kitu kinachofanya kazi. Ubuntu ilipochelewa 2006 ilisogeza toleo la Aprili hadi Juni, ikalibadilisha namba kuwa 6.06, na dunia ikaendelea.

Mwenye kompyuta ya pili, nyepesi, isiyo na siri, na anayependa kompyuta inayojibu mara tu anapobofya, ajaribu Haiku. Aanze na flashi na aangalie mambo mawili tu: waifai imeonekana? Sauti inatoka? Yote mawili yakiwa ndiyo, aisakinishe na asingoje R1, toleo la kwanza kamili. Beta 5 aliyonayo ndiyo Haiku yenyewe. Siku R1 itakapotangazwa ataipata kwa sasisho la kawaida na pengine hataona tofauti kubwa. Moja likiwa hapana, airudishe flashi kabatini hadi beta ijayo.

Anabaki mtu mmoja ambaye Linux na Wine havimsaidii. Ana mashine ya kupimia maabara, au ya kukatia chuma, inayoongozwa na programu ya zama za XP yenye draiva yake maalumu, na mtengenezaji alishafunga milango. Wine kwa kawaida haipakii draiva za ndani kabisa za Windows, imeundwa kwa ajili ya programu tu. ReactOS imekusudiwa kuzipakia, na kati ya yote niliyoyataja ndiyo pekee yenye nia hiyo. Kwa mtu huyu, na huyu peke yake, kuna maana ya kuingoja. Lakini angoje hivi: aichomoe kompyuta ile ya XP kwenye mtandao leo hii, anakili diski yake nzima na kuiweka nakala mahali salama, atafute kompyuta nyingine ya aina ile ile akiba, na kila toleo jipya la ReactOS likitoka alijaribu kwenye hiyo akiba na draiva ile, dakika kumi, kisha arudi kwenye kazi yake.